Chumba cha Wageni cha Bi Halo

Siku bintiye aliporudi kutoka kwenye semina ya waajiri na kumwambia kwamba serikali inataka chumba, Bi Halo alicheka mpaka akashika nyonga. Alipoona binti hacheki, naye akaacha.

"Chumba cha nani?"

"Cha msaidizi, Mama. Mtu anayetoka nchi nyingine kuja kukaa na mgonjwa lazima apewe chumba chake peke yake. Kitanda, kabati, dirisha linalofunguka, na mlango wenye kufuli. Ufunguo anakaa nao mwenyewe."

"Na mimi nikakae wapi? Barabarani?"

"Cha wageni, Mama. Tumpe chumba cha wageni."

Hapo Bi Halo akanyamaza, na Bi Halo kunyamaza halikuwa jambo la kila siku. Jina lenyewe alilipata kwa sababu ya mdomo. Alianza kazi ya swichibodi akiwa msichana mwembamba, katika nyumba ya simu ya mji, na akaiacha pale tu mitambo ilipobadilishwa na wasichana wote wa swichibodi, ambao wakati huo walikuwa na wajukuu, wakaagwa kwa keki na saa ya ukutani. Kazi ilikuwa kuchomeka waya. Taa inawaka, Bi Halo anasema, "Halo, nikuunganishe na nani?", anachomeka, watu wanaongea. Mji mzima uliijua sauti yake, na wengi hawakuwahi kumwona sura. Marehemu mumewe, fundi wa malori, alimpenda kwa sauti hiyo hiyo. Alikuwa akipiga simu bohari kuulizia vipuri ambavyo tayari anavyo, mpaka bohari ikamchoka. Siku walipokutana ana kwa ana alimtazama juu mpaka chini, safari ambayo haikuchukua muda, akasema, "Mimi nilidhani wewe ni mrefu." Bi Halo akamjibu, "Na mimi nilidhani wewe una akili." Wakaoana, na walipendana sana.

Nyonga ilivunjikia bafuni, kwenye kizingiti kile kile ambacho Bi Halo aliwaonya watu wote waangalie. Alipotoka hospitali alikuwa anatembea kwa fremu ya chuma, hatua za kuhesabu, na hawezi kuinuka kitandani bila mtu. Mtoto wake wa pekee, huyo binti, ni mpiga picha za eksirei, kazi ya zamu, leo asubuhi kesho usiku. Alikuwa akimwogesha mama yake huku ameshika saa, akimgeuza kulia na kushoto jinsi anavyowageuza wagonjwa wa kazini, na mara moja, kwa mazoea tu, akamwambia, "Vuta pumzi, shikilia hapo hapo." Walicheka wote wawili siku ile. Baadaye binti akaenda jikoni akalia.

Sheria haikuruhusu kukimbilia mtu wa nje moja kwa moja. Ilitaka kwanza atafutwe mtu wa hapa hapa, tangazo litolewe, na waliokuja wajaribiwe kwa haki. Wakaja watatu. Wa kwanza alikuwa anaongea na simu tangu anaingia mpaka anatoka, na Bi Halo, mtu wa simu, hakuwa na mtu wa kumuunganisha naye. Wa pili alikuwa na nguvu za kubeba magunia, na alimbeba Bi Halo hivyo hivyo. Wa tatu alifukuzwa kwa kosa la chai nyepesi. Tuseme kweli: wawili wa kwanza walikuwa na makosa yao, lakini kosa la wa tatu lilikuwa ni kumkuta Bi Halo siku mbaya.

Baada ya hapo ndipo yakaja masharti yenyewe. Daktari athibitishe kwamba mgonjwa anahitaji mtu wa kukaa naye. Mwajiri aonyeshe kwamba mshahara ataumudu, na ulipwe benki. Msaidizi awe na cheti cha kazi, cheti cha afya, na awe amesoma lugha. Pasi yake ya kusafiria isishikwe na mtu mwingine. Apumzike siku moja kila wiki, atoke akitaka. Kazi yake ni mgonjwa, si kufua nguo za ukoo. Na mwajiri ahudhurie semina, aelezwe hayo yote, aweke sahihi.

"Kwa hiyo anayefanyiwa usaili ni mimi?" Bi Halo aliuliza.

"Ni sisi, Mama."

"Haya. Waambie nina kiburi, lakini siumi."

Kilichomuuma yeye kilikuwa chumba. Nyumba ina vyumba vitatu vya kulala: chake, cha binti, na cha wageni. Cha wageni kilikuwa fahari yake. Shuka zilipigwa pasi hata kama hakuna anayekuja, na juu ya mto palikaa taulo jipya ambalo hakuna wa nyumbani aliyethubutu kulifutia mkono. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo alivyokuwa akisema, na alikuwa anamaanisha. Sasa akaja fundi mwashi kutoboa ukuta, kwa sababu kile chumba hakikuwa na dirisha, kilikuwa na matundu ya hewa tu juu karibu na dari. Vumbi likaingia mpaka kwenye sukari. Fundi alipomaliza na jua likaingia, Bi Halo alisimama mlangoni na fremu yake, akaona kwa mara ya kwanza kwamba zile kuta zilikuwa na ukungu.

"Miaka yote wageni wangu walikuwa wanalala gizani," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyeniambia."

"Wangekuambiaje, Mama? Walikuwa wageni."

Msaidizi aliyekuja alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono imara na kicheko cha chinichini. Nchi yake Bi Halo aliijua kwa sikio. Zamani ukitaka kuongea na watu wa huko ulipitishwa kwenye vituo viwili, na kila neno lilirudi mara mbili. Jina lake lilikuwa refu na gumu, likawashinda wote nyumbani. Lugha alikuwa ameisoma darasani kwao, na neno aliloliweza kuliko yote lilikuwa pole. Bi Halo akipiga chafya, pole. Binti akirudi kazini, pole. Wali ukishika chini, sufuria nayo iliambiwa pole. Haikupita wiki akawa Dada Pole, na yeye mwenyewe akaitika.

Asubuhi ya kwanza Bi Halo alikuwa amejiandaa kwa vita. Alikuwa amelala akitazama mlango, maneno makali yako tayari mdomoni. Mlango ukagongwa.

"Hodi," ilisema sauti nje.

Bi Halo akashangaa. Tangu avunjike nyonga hakuna aliyempigia hodi. Watu waliingia tu: binti, daktari, jirani, waliingia wakati wowote wakamkuta alivyo, kwa sababu mgonjwa ni mali ya wote.

"Hodi," ikasema tena.

"Karibu," akajibu, na zile silaha zote zikamponyoka.

Bafuni Pole alimkalisha kwenye kiti cha plastiki, akamfunika taulo mapajani, akampa sabuni mkononi. Kisha akageuza uso ukutani, mkono mmoja umemshika begani asianguke.

"Wewe osha mbele," alisema. "Mimi osha mgongo."

Bi Halo alijiosha mwenyewe. Ilichukua muda mrefu, na Pole hakugeuka hata mara moja. Bi Halo akalia chini ya maji, ambako hakuna anayejua chozi ni lipi. Alimshukuru Mungu, akaishukuru serikali, akamshukuru hata fundi mwashi na vumbi lake.

Kuanzia hapo walikwenda kwa ugomvi na mapenzi. Pole alitaka Bi Halo atembee mpaka mlangoni, Bi Halo akataka kukaa. Wakatembea. Pole akataka mpaka kwenye geti, Bi Halo akasema kwenye geti hakuna kitu. Wakaenda wakakuta kweli hakuna kitu, na kesho yake wakaenda tena kuhakikisha. Fremu ikaachwa, ikaja fimbo. Binti alipompiga mama yake picha ya nyonga mwenyewe, kule kazini, akaona mfupa umeshikana vizuri, ilibidi akae kidogo nyuma ya kioo cha kukingia mionzi kabla ya kuita mgonjwa mwingine. Akarudi nyumbani na kitambaa kizuri cha gauni, akamkumbatia Pole jikoni, na Pole, kwa mazoea, akamwambia pole.

Bi Halo hakuficha shukrani zake. Aliwatangazia majirani, muuza mboga, na vijana wa kusoma mita. "Huyu mnamwona? Huyu si mfanyakazi. Huyu ni mwanangu." Pole alikuwa akitabasamu na kuinamisha kichwa. Mtu akikuita mwanawe mbele ya watu, utasema nini?

Ndipo akaja wifi.

Wifi ni dada wa marehemu mumewe, mjane mwenye sauti nzito na moyo mkubwa, na yeye na Bi Halo walikuwa wameshindana kwa ukarimu tangu ujana wao. Ukila kwake mara mbili, utakula kwa mwenzake mara nne. Sasa wifi alikuwa na mtoto wa jicho, na hospitali ya macho ilikuwa huku mjini. Angekuja apasuliwe, apumzike kidogo, arudi kwake.

Bi Halo alizunguka nyumba na fimbo yake akitafuta pa kumweka. Kwenye kochi? Wifi aliwahi kumlaza Bi Halo kwenye kitanda chake mwenyewe, yeye akalala chini. Amweke kwenye kochi mji ucheke? Chumbani kwake? Wifi anakoroma mpaka vioo vinatetemeka. Bintiye naye ni mtu wa zamu, analala mchana.

"Atalala chumba cha wageni," akakata shauri.

"Mama, kile si cha wageni tena."

"Pole atanipisha kidogo. Tutaweka godoro chumbani kwangu. Si mtoto wa nyumbani? Mtoto wa nyumbani humpisha mgeni. Wewe hukulala chini walipokuja wajomba zako? Mimi sikulala jikoni walipokuja shangazi zangu?"

"Kwenye semina walisema..."

"Semina haina mawifi."

Pole alipoambiwa alikuwa anakunja nguo. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Sawa, Mama," alisema. "Hakuna shida."

Alitoa vitu vyake kabatini jioni ile ile, na wifi alipofika akampa ufunguo, akamtandikia kitanda. Baada ya upasuaji akamtia dawa ya jicho kwa wakati wake. Siku yake ya mapumziko ilipofika akampeleka kliniki, kwa sababu binti alikuwa zamu na Bi Halo hakuweza kupanda ngazi za pale. Wifi alimpenda sana. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wifi siku ya tatu alipewa mto wa pili, na wiki zikaanza kupita.

Kibali cha Pole cha mwaka wa kwanza kilikuwa kinakaribia kwisha, na wote walijua kwamba mkaguzi wa serikali atakuja. Hawakujua siku. Alikuja asubuhi moja tulivu, mwanamke mwenye viatu vya kisigino kifupi na sauti ya chini, akakaribishwa, akanywa maji, akaulizia afya ya nyonga, akafurahi. Kisha akaomba aone chumba cha msaidizi.

Binti alisimama haraka. "Kimevurugika kidogo..."

"Vyote huvurugika," alisema mkaguzi, akatembea, akagonga mlango.

"Karibu!" iliitika sauti nzito.

Wifi alikuwa amekaa kitandani, jicho moja limefungwa kitambaa cheupe, meno yake ya bandia yamo kwenye glasi dirishani yanaota jua. Sanduku lake lilikuwa wazi sakafuni, na magauni yake yamejaa kabatini.

"Samahani, Mama," alisema mkaguzi. "Hiki ni chumba cha nani?"

"Changu," alisema wifi kwa furaha, akanyoosha mkono kutafuta meno ili aongee vizuri. "Wamenipa kizuri, tena kina dirisha. Wewe ndiye wa dawa?"

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi akauliza Pole analala wapi, akaonyeshwa godoro chini ya kitanda cha Bi Halo, limesukumwa lisionekane. Akauliza siku ya mapumziko ya wiki hii ilikuwa lini. Binti akamtazama wifi na kitambaa chake.

Bi Halo akaona amwokoe. "Mwanangu, ngoja nikueleze," alimwambia mkaguzi. "Huyu hapa hatumhesabu kama mfanyakazi. Ni mtoto wetu. Na kwetu sisi mtoto wa nyumbani humpisha mgeni. Si dharau, ni heshima. Muulize mwenyewe kama amelalamika."

Mkaguzi alimtazama kwa upole, na upole ule ulimtisha Bi Halo kuliko ukali.

"Mama, una binti hapa," alisema. "Akikukasirikia anafanyaje?"

"Huyu? Ananuna. Anabamiza mlango, hali chakula changu siku mbili."

"Na kesho yake bado ni mtoto wako."

"Sasa atakuwa wa nani?"

"Basi, Mama. Na huyu akikukasirikia, atafanyaje? Ana mlango gani wa kubamiza?"

Bi Halo aliutazama mlango wa kile chumba.

Sheria inataka msaidizi aongee na mkaguzi peke yake. Chumba hakikuwepo, kwa hiyo wakaenda nje, kwenye kamba ya kuanikia nguo, nyuma ya dirisha la jikoni. Bi Halo alikuwa jikoni. Angesimama tu pale angesikia yote. Alitamani sana, na sikio lake bado lilikuwa zima. Akachukua fimbo akaenda kukaa sebuleni.

Mkaguzi aliporudi alisema maneno machache. Hana shaka kwamba katika nyumba hii Pole anapendwa. Lakini sharti limevunjwa, na likivunjwa, msaidizi ana haki ya kuhamishiwa nyumba nyingine, na familia zinazosubiri ni nyingi. Amempa wiki moja afikirie. Atakaporudi, jibu la Pole ndilo atakaloliandika, na hakuna wa kumshinikiza.

Alipotoka tu, Bi Halo akalipuka. Nyumba yake! Ukuta alioutoboa kwa pesa yake! Alisema na mlango, akasema na kochi, mpaka pumzi zikamwishia. Bintiye alikuwa amekaa na mikono kichwani.

"Na mimi nilijua," alisema binti. "Semina nilikwenda mimi. Nikanyamaza kwa sababu nilifurahi kuna mtu wa kumpeleka Shangazi kliniki."

Kutoka kwenye korido ikaja sauti nzito. "Kwa hiyo mimi nimelala juu ya kibali cha watu?" Wifi alisimama pale, mto kwapani, sanduku mkononi. "Wifi, si ungeniambia tu? Mimi nimelala kwenye makochi ya watu wenye roho mbaya kuliko wewe." Akapita moja kwa moja chumbani kwa Bi Halo, akajitupa upande wa ukutani, na mapambano ya ukarimu ya miaka mingi yakaishia hapo.

Bi Halo mwenyewe ndiye aliyepeleka ufunguo. Alimkuta Pole anakunja lile godoro. Alinyoosha mkono wenye ufunguo.

"Ahsante, Mama," alisema Pole. Akachukua, akaingia chumbani, akafunga mlango. Ufunguo ukageuka. Bi Halo akabaki kwenye korido, anautazama ule mlango uliopigwa rangi na marehemu mumewe, akiogopa.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Pole alifanya kazi yake kama kawaida: hodi, taulo, uso ukutani, mkono begani, mpaka kwenye geti na kurudi. Hakubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Bi Halo, kwa sababu sasa alijua kwamba uso ule hauonyeshi kitu. Siku ya mapumziko Pole alitoka amevaa lile gauni la kitambaa cha binti na hereni ndogo. Bi Halo hakuwahi kuziona hizo hereni. Alikaa dirishani akiwaza: mwaka mzima nimeishi na mwanamke mwenye hereni.

"Mwombe abaki, Mama," binti alinong'ona jioni ile. "Wewe anakupenda. Mwambie neno moja tu."

"Nikimwambia atasema nini? Atasema, sawa, Mama, hakuna shida. Si ndivyo alivyosema siku ile?" Bi Halo alifuta macho kwa kiganja. "Sitaki kuisikia tena hiyo sawa. Akitaka kwenda, aende na shukrani zangu. Amenirudishia miguu yangu. Mtu akikurudishia miguu, huwezi kumfunga ya kwake."

Usiku wifi alikoroma kwa bidii, na Bi Halo, macho makavu juu ya dari, alimshukuru hata yeye, maana ukimya ungekuwa mbaya zaidi.

Mkaguzi alirudi kama alivyosema. Alikaa kwenye kiti kile kile, akafungua mkoba, akamgeukia Pole. Binti alisimama mlangoni amevaa sare ya kazini. Wifi alikaa kwenye kochi, jicho lake sasa liko wazi na linaona kila kitu.

"Umeamua?"

"Nimeamua," alisema Pole. "Nataka kubaki."

Binti alipumua kwa nguvu. Lakini Pole alinyanyua mkono, kwamba bado.

"Nataka kubaki. Lakini mimi nilikasirika. Nataka Mama ajue." Alimgeukia Bi Halo, na kwa mara ya kwanza hakuinamisha kichwa. "Siku Shangazi alikuja, siku ile mtoto wangu alitimiza miaka sita. Nilimwahidi. Nilisema, jioni mama atapiga simu, tutaimba sana. Lakini chumba hakuna. Kwa Mama, Mama na Shangazi wanaongea. Sebuleni, wageni. Mimi nilipiga simu bafuni. Nilifungua bomba, watu wasisikie mimi nalia. Mtoto akauliza, mama, huko kwako kuna mvua? Nikasema ndiyo. Mvua kubwa."

Katika nyumba ya simu ya zamani kulikuwa na vibanda vya mbao kwa ajili ya watu wasio na simu kwao. Kila kibanda kilikuwa na mlango, na Bi Halo ndiye aliyekuwa akiwagombeza waliopanga foleni wakianza kuugonga. Waacheni, alikuwa akisema, mtu yuko na watu wake. Alikuwa ameona wanaume wazima wakitoka mle na macho mekundu, akageuza uso wasione kwamba ameona. Kazi yake yote ya maisha ilikuwa hiyo. Na bomba la bafuni lilipofunguliwa usiku ule, alilisikia. Alikumbuka hata alichokisema: alimwambia wifi, huyu mtoto hachoki, anafua mpaka saa hizi.

Aliinuka kwenye kiti. Hakuna aliyemsaidia, na hakuhitaji. Alitembea na fimbo mpaka mbele ya Pole, akasimama, wote wawili wafupi, macho kwa macho.

"Nimekukosea," alisema. "Nimekukosea vibaya, na wewe umenitendea mema tu. Ahsante kwa kunikasirikia."

Pole alitaka kusema kitu. Pengine alitaka kusema pole. Bi Halo akamzuia.

"Nimekuita mwanangu mwaka mzima. Kila mtu mtaa huu nimemwambia. Na sijawahi kukuuliza." Sauti ile ambayo mji mzima uliijua ilikatika, akaikohoa, ikarudi. "Mjukuu wangu anaitwa nani?"

Pole akalitaja. Lilikuwa jina fupi, lakini lilikuwa na sauti katikati ambayo ulimi wa Bi Halo haujawahi kuipitia. Akajaribu, akakosea. Pole akamsahihisha. Akajaribu tena, wifi naye akajaribu kutoka kwenye kochi akaliua kabisa, na Pole akacheka kile kicheko chake cha chinichini huku machozi yanamtoka. Bi Halo hakukata tamaa. Alilirudia polepole, akiutazama mdomo wa mwenzake, mpaka Pole akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, hivyo ndivyo anavyoitwa.

Mkaguzi alikuwa anaandika. Binti alikuwa anafuta uso kwa mkono wa sare.

"Saa hizi ametoka shule?" Bi Halo aliuliza.

"Ametoka, Mama."

"Basi nenda chumbani kwako, ufunge mlango, umpigie. Mwambie mvua imekatika."